Tembo wa Hadoop na pakacha la Chwaka

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na baadhi yenu mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa Chwaka, ambako nimekaa wiki mbili nikifuatilia habari ya mikoko, na huko nimekutana na jambo ambalo nataka tulizungumze leo. Ni habari ya kompyuta, lakini tafadhali msikimbie. Ni historia pia, na ndani yake kuna swali la nani hasa ana uwezo wa kukitazama kisiwa chetu.

Kwa wasioijua, Chwaka ni kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, zaidi ya kilomita 30 kutoka Mjini. Ghuba yake haina kina kirefu. Maji yakitoka unaweza kutembea mpaka uchoke. Upande wa kusini kuna mikoko mingi inayoungana na msitu wa Jozani, na tangu mwaka 2004 eneo hilo limo katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Watu huvua kwa madema, akina mama hulima mwani, na samaki wanaonadiwa dikoni ni tasi, changu na pono.

Nilikuta mzozo. Kando ya mkondo mmoja kuna kipara, mahali ambapo mikoko imekatwa. Vijana wanne walikuwa wanatuhumiwa kwamba ndio waliokata mwaka huu, kwa ajili ya kuni za tanuu la chokaa. Wao walikana. Mzee mmoja wa kamati ya uhifadhi, ambaye sitamtaja jina, akaniita pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe mtu wa habari. Nasikia kisiwa chote hiki kilishapigwa picha kutoka juu. Kweli au maneno ya watu?"

Nikamwambia ni kweli.

"Basi tutafutie picha ya hapa. Kama kipara kilikuwapo zamani, hawa watoto tutawaonea."

Mzee alikuwa na haki. Kuanzia mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, yaani SUZA, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, waliendesha mradi wa kupiga picha Unguja na Pemba kwa kutumia droni. Vijana wa hapa hapa walifundishwa kurusha ndege hizo ndogo. Baadhi ya picha ziliwekwa wazi kwa leseni huria katika hazina ya OpenAerialMap. Zilisafiri mbali: katika shindano la Open Cities AI la mwaka 2019 na 2020, wataalamu wa nchi mbalimbali walizitumia picha za Zanzibar, pamoja na za miji mingine ya Afrika, kuifundisha kompyuta kutambua majengo.

Kwa hiyo mtu aliyekaa California aliweza kuhesabu mapaa yetu. Je, mtu aliyekaa Chwaka aliweza kutazama mikoko yake?

Hebu tufanye hesabu kidogo ili muone ukubwa wa mzigo. Unguja ina takriban kilomita za mraba 1,650. Kilomita moja ya mraba ni mita za mraba milioni moja. Tuseme kila nukta ya picha inafunika sentimita 10 kwa 10 za ardhi. Basi mita moja ya mraba ina nukta 100. Kila nukta huhitaji baiti tatu, moja kwa kila rangi ya msingi. Ukizidisha unapata karibu gigabaiti 500 kabla picha haijabanwa. Na hiyo ni picha moja iliyokwisha kuunganishwa. Picha mbichi za droni hupandana, kila mahali pamepigwa mara kadhaa, kwa hiyo ukizijumlisha zote mzigo unakuwa mara kadhaa ya huo. Hii ndiyo wanayoiita data kubwa.

Sisi tulihitaji kipande kidogo tu. Kijana mmoja wa kijijini anayesoma chuo Mjini alikuwa tayari na kipande cha picha ya mradi ule inayoonyesha mkondo wetu, na katika diski yake alikuwa na picha mbichi mia kadhaa za mahali pale pale, zilizopigwa karibuni katika mafunzo. Kazi ilikuwa mbili. Kwanza, kuifungua picha ya zamani. Pili, kuziunganisha picha mpya ili tulinganishe.

Kazi ya kwanza ilichukua dakika chache. Nilikuwa na diski ya nje niliyonakiliwa na rafiki yangu wa Mjini, yenye vifurushi vya Debian, ule mkusanyo wa Linux unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Tukaichomeka, tukaandika amri moja, na QGIS, programu huria ya ramani, ikajisimika pamoja na kila kitu inachokihitaji. Hatukutumia hata chembe ya intaneti.

Kazi ya pili ilitushinda. Programu ya kuunganisha picha nayo ni huria, lakini haimo katika hazina ile ya Debian. Njia yake rahisi ni kuvuta kontena lenye gigabaiti kadhaa kutoka intaneti. Tukanunua bando, tukaacha simu juu ya dirisha usiku kucha. Asubuhi bando limekwisha na kontena halijakamilika. Tukanunua jingine. Mambo yale yale.

Mzee alikuja, akatukuta tumenuna. Nikamweleza kwamba programu zote mbili ni za bure. Akaniuliza, "Sasa kama zote za bure, mbona moja imeingia na nyingine imegoma?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu. Nimesoma, nimeuliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Mwaka 1993, mwanafunzi wa Kimarekani aitwaye Ian Murdock alianzisha Debian. Linux yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu. Programu huria zilikuwapo nyingi, lakini zilitawanyika kama samaki waliomwagwa mchangani: wako wengi, wazuri, lakini utawabebaje mpaka nyumbani? Dikoni Chwaka jibu ni pakacha. Mtu anasuka makuti, anapanga samaki, anafunga, na mzigo unafika Mjini mzima. Debian ilisuka pakacha la programu, tunaloliita kifurushi. (Siku hizi neno kifurushi tumelizoea kwa maana ya bando la simu. Hapa nina maana ile ya zamani, mzigo uliofungwa.)

Ndani ya kifurushi cha Debian kuna programu yenyewe, orodha ya vifurushi vingine inavyovitegemea, maelekezo ya kuisimika na kuiondoa, maelezo ya leseni, na jina la mtu au kikundi kinachowajibika nacho. Huyu nitamwita mfungashaji. Kuna na masharti. Msimbo chanzo lazima uwepo ndani ya hazina. Leseni lazima iwe huria kweli, kama ulivyosema Mkataba wa Jamii wa Debian wa mwaka 1997. Na kifurushi lazima kiweze kujengwa bila kwenda intaneti kutafuta kitu. Vyote kinavyovitaka viwe vimeshafungashwa.

Shikeni hilo sharti la mwisho. Liliwekwa ili mtu yeyote aweze kukagua na kujenga upya kila kitu, lakini kwetu sisi lina faida nyingine: ukiwa na nakala ya hazina, una kila kitu. Debian 3.1 ya mwaka 2005 ilikuwa na vifurushi zaidi ya 15,000, na uliweza kuvipata kwa seti ya CD. Debian 12 ya mwaka 2023 ina zaidi ya 64,000. Mafungu hayo yanapita kwenye begi la daladala bila tatizo.

Na kwa Afrika Mashariki ya miaka ile, begi ndilo lililokuwa mtandao. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009. Kabla yake tulitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Ubuntu, iliyoanzishwa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini juu ya msingi wa Debian, ilikuwa ikituma CD za bure kwa posta mpaka mwaka 2011. Kaka yangu anayo moja mpaka leo, imekwaruzika, haisomeki, lakini hataki itupwe.

Mwaka huo huo wa 2004, mwezi Desemba, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizindua Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya mradi wa Kilinux, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden. Tulijivuna sana, na tulikuwa na sababu. Lakini OpenOffice.org 2.0 ikatoka Oktoba 2005, haijatimia hata mwaka mmoja, ikiwa na maneno mapya ya kutafsiri. Somo likawa wazi: uzinduzi ni siku moja, kutunza ni kila siku. Mradi una mwanzo na mwisho, una ripoti na picha ya pamoja. Ufungashaji hauna mwisho.

Sasa aje tembo.

Mwaka 2003 na 2004, wahandisi wa Google walichapisha maandiko mawili yaliyoeleza namna ya kuhifadhi na kuchambua data isiyotosha katika kompyuta moja. Doug Cutting na Mike Cafarella wakatumia mawazo hayo kutengeneza programu huria, na mwaka 2006 ikapewa jina la Hadoop, jina la mwanasesere wa tembo wa mtoto wa Cutting. Wazo lake si gumu. Faili kubwa hukatwa vipande, kila kipande hutunzwa katika kompyuta tatu tofauti ili moja ikifa kazi isilale, kisha hesabu hupelekwa kule data iliko badala ya data kubebwa.

Mtu aliyekulia Unguja analielewa wazo hilo haraka. Mwaka 2008, kuanzia Mei hadi Juni, kisiwa kilikaa karibu mwezi mzima bila umeme. Kisha Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu. Tulikuwa tunategemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Bara. Nilikuwa mtoto wa skuli na nakumbuka tukisoma kwa kandili na maji yakikosekana kwa sababu pampu hazifanyi kazi. Waya mpya ulikuja mwaka 2013. Ukitegemea kitu kimoja tu, siku kikikatika umekwisha. Hadoop ilitengenezwa na watu waliolijua hilo.

Lakini tembo alikataa kuingia kwenye pakacha. Hadoop imeandikwa kwa Java, na desturi ya ulimwengu wa Java ni kutumia chombo kama Maven, ambacho wakati wa kujenga programu huenda intaneti na kuvuta maktaba nyingi za msimbo, kila moja kwa toleo lake maalum. Kwa mhandisi mwenye intaneti ya kasi hilo ni raha tupu. Kwa mfungashaji ni jinamizi. Kumbukeni sharti: kujenga bila intaneti. Maana yake kila maktaba ifungashwe kwanza yenyewe, na zile zinazotegemewa na maktaba hizo nazo zifungashwe, na programu moja ikitaka toleo la zamani wakati nyingine inataka jipya, mtu akae apatanishe.

Debian walijaribu karibu mwaka 2010, halikudumu. Fedora, mkusanyo mwingine wa jumuiya, waliunda kikundi maalum cha data kubwa, wakafanya kazi ile ya punda, na Fedora 20 ya Desemba 2013 ikatoka na Hadoop ndani. Ilikuwa ushindi wa haki. Ila matoleo mapya ya Hadoop yaliendelea kuja, maktaba zake ziliendelea kubadilika, na watu wa kujitolea ni wachache. Baadaye Hadoop ikaondolewa Fedora.

Kukabaki njia mbili. Ya kwanza ni Apache Bigtop, iliyoanza mwaka 2011, jumuiya inayotengeneza vifurushi vya Hadoop na ndugu zake kwa ajili ya Debian, Ubuntu, Fedora na wengine, lakini nje ya hazina zao rasmi na kwa masharti mepesi zaidi. Ya pili ni kampuni. Cloudera, iliyoanzishwa mwaka 2008, ilitoa vifurushi vilivyofungwa vizuri, na watu wengi duniani wakavizoea kwa sababu havikuwa na gharama. Mwanzoni mwa mwaka 2021 ikafunga mlango: asiye na usajili wa kulipia havuti tena vifurushi.

Angalieni kilichotokea hapo. Msimbo wa Hadoop ulibaki huria vile vile, hakuna aliyeufunga. Kilichofungwa ni pakacha. Na hiyo ilitosha kuwasumbua wengi, maana walikuwa na haki ya kuwa na programu lakini hawakuwa na namna rahisi ya kuibeba. Ilinichukua siku mbili kuielewa tofauti hiyo, na nikaona ndiyo jibu la swali la mzee.

Wapo watakaosema kontena limemaliza matatizo haya. Docker ilipotoka mwaka 2013 ilileta njia mpya: usihangaike kupatanisha maktaba, funga kila kitu pamoja, mfumo na programu na maktaba zake, halafu sukuma. Sikatai, kontena limeokoa muda wa watu wengi, na bila hilo programu kadhaa nzuri zisingetufikia kabisa. Lakini ni kama kumtumia mtu samaki mmoja pamoja na diko zima. Mwenye barabara pana hajali. Sisi wa bando tunajali. Tena tundu la usalama likigunduliwa katika maktaba moja, Debian hurekebisha kifurushi kimoja na programu zote zinazokitumia hupona. Katika makontena, kila mwenye kontena inabidi akumbuke kulijenga upya.

Basi kwa nini QGIS iliingia? Kwa sababu watu wa ramani huria walifanya kazi isiyopigiwa makofi. Kuna kikundi kiitwacho DebianGIS ambacho kwa miaka mingi kimefungasha QGIS, PostGIS, GRASS na wenzao. Kuna na OSGeoLive, mkusanyo wa jumuiya uliojengwa juu ya Lubuntu, ambao unauweka kwenye flashi, unawasha nayo kompyuta, na programu zote za ramani zimo tayari pamoja na data za kujifunzia. Agosti 2018 mkutano wao mkuu wa dunia, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam, saa chache tu kwa boti kutoka kwetu.

Nirudi Chwaka. Picha mpya tuliziunganisha Mjini, kwenye ofisi ya rafiki mwenye mtandao mzuri, tukazirudisha kwa daladala kwenye flashi. Jioni tukakaa barazani na mzee, vijana wanne, na watu kama kumi hivi. Tukaiweka picha ya zamani juu ya mpya.

Kipara kilikuwapo. Katika picha ya mradi ule wa droni, miaka mingi nyuma, kilikuwa pale pale, kikubwa kuliko sasa. Pembezoni mikoko michanga imeanza kurudi. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha mzee akawaambia wale vijana waje wakae mbele waone vizuri, na mmoja akacheka, akaonyesha kwa kidole dau la baba yake lililoegeshwa katika picha.

Sasa nafika kwenye lile lililonifanya niandike. Watu walipotawanyika, mzee aliniuliza: "Na wewe ukishaondoka, hii nani atatufungulia?"

Sikuwa na jibu zuri. Nilimwachia yule kijana wa chuo flashi yenye OSGeoLive na picha zote mbili, na tuliijaribu kwenye kompyuta kuukuu ikafunguka. Hiyo ni hatua. Lakini programu ya kuunganisha picha bado haimo, na mwakani watakapotaka kulinganisha tena itabidi waje Mjini kuomba.

Tunao vijana SUZA na Dar es Salaam wanaoandika programu nzuri, na kila mwezi nasikia uzinduzi wa kitu kipya. Ombi langu ni dogo na halina uzinduzi. Wachache kati yenu jifunzeni ufungashaji. Shikeni programu moja tu tunayoihitaji, mjiunge na wafungashaji wa Debian au wa mkusanyo mwingine, muitunze miaka mitano. Hakuna atakayewapiga picha. Ila jina lenu litakaa ndani ya kifurushi, mahali pa mwenye kuwajibika, na kijiji kama Chwaka kitaweza kufungua ushahidi wake chenyewe, hata siku bando likiisha.

Haya, nawasilisha. Narudi Chwaka mwezi ujao, mzee ameniahidi pono.